Ndoo Isiyo na Jina

Umeniuliza, Tumpale, uchague bweni gani,
umeandika kwa haraka kama mtu anayeulizia bei ya nyanya,
nami nimekaa na simu mkononi tangu umeme ukatike.

Baba atakwambia, chagua palipo kimya.
Baba hajawahi kulala chumba cha watu sita.
Mama atakwambia, kaa kwa shangazi Kimara,
utakula ugali wa nyumbani, geti linafungwa saa mbili.
Saa mbili, Tumpale!
Wenzio ndiyo kwanza wanachana nywele,
wewe unasugua sufuria.

Mimi mwaka ule sikuulizia ukubwa wa chumba
wala umbali wa maktaba.
Nilizunguka na fomu kwenye bahasha,
nikasimama chini ya kila jengo, nikatega sikio.
La kwanza lilinyamaza kama ofisi ya ardhi siku ya Jumamosi.
La pili lilikuwa na redio moja na mtu mmoja wa kukohoa.
Mabibo nilifika saa kumi jioni:
kanga zimening'inia hadi hujui dirisha liko wapi,
mtu wa ghorofa ya juu anamwita mtu wa chini,
"Bhoke! Bhoke wee! Chumvi!"
na chumvi ikapanda kwa kamba, ndani ya soksi.

Nikasema, hapa.
Nikaandika Mabibo mistari yote mitatu.
Karani akanitazama juu ya miwani:
"Binti, hapa tunachagua, hatusisitizi."

Nikapata. Chumba cha mwisho kwenye korido,
kitanda cha juu, godoro lenye bonde la mtu mwingine.
Sasa sikia nisichomwambia mama.
Siku kumi na moja sikuwa na mtu.
Kelele nilikuwa nazo, tena za kugawa:
vicheko ukutani, kandambili usiku kucha,
watu wanaitana majina ambayo si langu.
Nilikula chapati nimeelekea ukuta,
nikijifanya nasoma simu isiyo na bando.
Nyumba ya nyuki ina kelele pia,
nenda kaigongee hodi.

Siku ya kumi na mbili maji yakakatika.
Jengo zima likashuka kwenye tangi moja la uani,
wenye wigi na wenye mitandio,
wa sheria, wa jiolojia, mmoja na povu kichwani.
Foleni ile watu hawasimami, zinasimama ndoo,
kila ndoo na jina lake kwa rangi ya kucha.
Yangu niliinunua Manzese asubuhi ile, haikuwa na kitu.

"Ndoo hii ya nani?"

Ndiyo sentensi ya kwanza niliyoambiwa chuo kikuu
na mtu aliyesubiri jibu.
Siwema, mtoto wa Lindi,
bumu halijatoka, kitanda hana,
sanduku lake linalala kwa huyu, yeye kwa yule.
Tukakaa juu ya tofali saa tatu.
Maji yalipotoka yalikuwa mekundu, tukayabeba hivyohivyo.
Usiku nikambeba na yeye.

Muhula mzima tulilala mzungu wa nne,
visigino vyake sikioni kwangu.
Nilijua akiota anakimbia.
Nilijua, kabla hajasema, kwamba nyumbani kuna mgonjwa.
Kupitia yeye nikamjua Bhoke wa chumvi,
na kupitia Bhoke, korido yote, hata wezi wa sabuni.

Kwa hiyo chagua unapotaka, mdogo wangu.
Mimi nilichagua kwa masikio, yakanidanganya nusu.
Ila uliza kama bomba ni moja.
Palipo na bomba kila chumba
watu huoga, wakafunga mlango, wakahitimu.

Na ndoo nunua kubwa, ya mfuniko.
Rangi ya kucha paka kwenye kucha.
Jina usiandike.
Acha mtu aulize.